Je, ni chama cha wafanyakazi kilichowagawia wanawake kazi duni? Jibu kwa katibu wa tawi

Swali: Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha kusindika vyakula mkoani Morogoro. Wanawake ni zaidi ya nusu ya wanachama wetu, na karibu wote wako kwenye kuchambua na kufungasha, ilhali mitambo, boila na magari ni ya wanaume. Viongozi wa tawi, ukiniondoa mimi, ni wanaume watupu. Kwenye semina moja mkufunzi alitueleza kuwa mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Milkman, amethibitisha kwamba vyama vya wafanyakazi si chanzo cha ubaguzi wa wanawake kazini. Wanaume tulionao walishangilia. Je, ni kweli utafiti huo unasema hivyo, na una maana gani kwetu sisi wa huku?

Jibu:

Ndugu Katibu,

Mkufunzi wenu alisema nusu ya maneno, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolihusu tawi lako. Milkman hakuvitakasa vyama vya wafanyakazi. Alichofanya ni kubadili swali: badala ya kuuliza nani kati ya mwajiri na wanaume wa chama anawadharau zaidi wanawake, aliuliza ni lini na kwa hesabu gani kazi fulani ilifanywa ya kike na nyingine ikafanywa ya kiume, na kwa nini mgawanyo huo huendelea kushika hata pale waliouanzisha wanapokuwa wamekwisha kuondoka duniani. Jibu alilolipata, baada ya kupekua kumbukumbu za makampuni na za vyama, ni kwamba mwamuzi wa kwanza kwa kawaida ni mwajiri, na kwamba chama huja baadaye na kukuta ugawaji umekwisha fanyika. Lakini kinachofuata hapo, yaani kama chama kitaulinda ugawaji huo au kitaupinga, si jambo la mwajiri peke yake, na hapo ndipo walioshangilia walipaswa kusubiri kidogo.

Niseme kwa ufupi yeye ni nani. Milkman ni profesa wa sosholojia katika City University of New York, alikofika baada ya kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na mwaka 2016 alikuwa rais wa chama cha kitaaluma cha wanasosholojia wa Marekani. Si mpinzani wa vyama vya wafanyakazi. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti imepita karibu navyo, na ndiyo maana lawama zake, pale anapozitoa, haziwezi kupuuzwa kuwa ni maneno ya mwajiri.

Makala yake iliyoanza kumpa jina ilitoka mwaka 1976, nayo ilihusu Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Wakati huo wasomi wengi wa mrengo wa kushoto walishikilia kuwa wanawake ni jeshi la akiba la wafanyakazi: uchumi ukistawi wanaitwa viwandani, uchumi ukianguka wanakuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Hoja hiyo ilionekana kuwa dhahiri kiasi kwamba wachache walijisumbua kuipima. Milkman aliipima kwa kutumia takwimu za sensa ya Marekani ya 1930, akakuta kinyume chake, kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa kikubwa zaidi kwa wanaume. Sababu haikuwa huruma ya waajiri. Mdororo ulivipiga kwanza viwanda vya chuma na magari, migodi na ujenzi, ambako wanawake walikuwa wachache mno, ukachelewa kuzifikia kazi za ukarani, za kufundisha na za kuhudumia watu, ambazo zilikuwa zimekwisha kupewa sura ya kike. Mwajiri mwenye karani mwanamke kwa kawaida hakumwondoa ili amweke fundi chuma asiye na kazi. Kulikuwa na shinikizo la kuwatoa wake za watu kazini, na sheria ya shirikisho ya 1932, iliyoelekeza kuwa pale mume na mke wote wawili wanapokuwa watumishi wa serikali mmoja wao awe wa kwanza kupunguzwa, iliwaumiza wanawake wengi. Lakini haikubadili mgawanyo wa kazi wa nchi nzima. Utengano uleule uliowazuia wanawake kuingia kwenye kazi zenye malipo mazuri ndio uliowakinga, kwa muda, dhidi ya kufukuzwa.

Naanza na makala hiyo kwa makusudi, kwa sababu inaonyesha mambo mawili yatakayorudi tena mbele. Kwanza, mgawanyo wa kazi kwa jinsia ni mgumu kuliko hali ya soko. Soko linapanda na kushuka, mgawanyo wenyewe unabaki. Pili, haiwezekani kuueleza kwa kutaja tu maslahi ya mwajiri ya leo, kwa maana mwajiri anayetafuta faida pekee angewabadilisha watu kila bei ya kazi inapobadilika.

Utafiti ambao bila shaka mkufunzi wenu aliukusudia ni ule wa kitabu chake cha 1987 kuhusu viwanda vya Marekani kabla, wakati na baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uzuri wake uko kwenye ulinganisho. Alichukua tasnia mbili zilizofanana kwa mambo mengi: utengenezaji wa magari, na utengenezaji wa vifaa vya umeme kama redio, balbu na mota. Zote zilikuwa tasnia mpya za uzalishaji wa wingi, zote zilitawaliwa na makampuni machache makubwa, na zote zilipata vyama vipya vya wafanyakazi katikati ya miaka ya 1930, vyama vilivyojiunga na shirikisho la CIO: UAW kwa upande wa magari, kilichoanzishwa mwaka 1935, na UE kwa upande wa umeme, mwaka 1936. Hata hivyo, kabla ya vita, wanawake walikuwa chini ya mmoja kati ya kila wafanyakazi kumi kwenye magari, na karibu theluthi moja kwenye umeme. Kama sababu ingekuwa maumbile au nguvu za misuli, ingekuwa taabu kueleza kwa nini mwanamke anayezungusha waya wa mota katika kiwanda kimoja asiweze kufunga waya wa taa ya gari katika kingine.

Tofauti ilitokana na namna kila tasnia ilivyotafuta faida wakati inaundwa. Kwenye magari, mwendo wa kazi uliamuliwa na mstari wa kuunganishia: gari linapita mbele yako, nawe unafuata kasi yake. Tatizo la mwajiri halikuwa ukubwa wa mshahara bali watu kuikimbia kazi hiyo ya kuchosha. Mwezi Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya ujira uliokuwa wa kawaida, ili mtu akiingia akae na akubali kasi ya mstari. Malipo hayo yalilenga mwanamume mwenye familia, na hapo mwanzo wanawake hawakuhesabiwa kabisa. Kwa mwajiri aliyekwisha kuamua kulipa vizuri ili apate utulivu, hapakuwa na sababu kubwa ya kutafuta mikono ya bei rahisi. Kwenye umeme hali ilikuwa tofauti: kazi nyingi zilikuwa ndogondogo, za mkono, na malipo yalikuwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya vitu ambavyo mtu amevimaliza. Huko kila senti ya ujira ilionekana kwenye gharama, na waajiri wakawaajiri wanawake tangu mapema, kwa sababu iliyo wazi kwamba waliwalipa kidogo. Kisha kila upande ukajitungia maelezo yake: kwenye magari ilisemwa kazi ni nzito na haimfai mwanamke, kwenye umeme ilisemwa vidole vya mwanamke ni vyepesi na ana subira. Maelezo hayo yalitanguliwa na uamuzi, si uamuzi kutanguliwa na maelezo. Ukisikia huko kwenu kwamba wanawake wamewekwa kwenye kufungasha kwa kuwa wana mkono mwepesi, ujue unasikia kauli ileile iliyosemwa kwenye viwanda vya redio.

Halafu vita vikaja, na hapa ndipo penye ushahidi mzito zaidi. Mwezi Februari 1942 utengenezaji wa magari ya kiraia ulisimamishwa na viwanda vikaanza kutengeneza vifaru, ndege na silaha. Waajiri wa Detroit, mji uliokuwa kitovu cha tasnia ya magari, hawakukimbilia kuwaajiri wanawake. Walisubiri mpaka wanaume walipochukuliwa jeshini kwa wingi na serikali ilipowasukuma. Kufikia miaka ya 1943 na 1944 wanawake walikuwa karibu robo ya wafanyakazi kwenye magari na karibu nusu kwenye umeme. Mtu angedhani kwamba mtikisiko mkubwa kiasi hicho ungeufuta mgawanyo wa zamani. Haukuufuta, uliuchora upya. Kazi zilizofunguliwa kwa wanawake zilipewa haraka sifa za kike, na matangazo ya wakati ule yaliwaambia akina mama kuwa anayeweza kutumia mashine ya kukorogea keki anaweza pia kujifunza mashine ya kutobolea chuma. Kazi ileile ilikuwa ya kike katika kiwanda kimoja na ya kiume katika kingine, na kila kiwanda kikaona mpango wake ndio wa asili. Wanawake weusi, kwa upande wao, walifunguliwa mlango mwisho kabisa na katika kazi mbaya kuliko zote, hata pale wanawake weupe walipokuwa wanatafutwa kwa hamu. Kwa hiyo anayezungumzia wanawake wa viwanda vya vita kama kundi moja anaacha jambo kubwa.

Sasa chama kinaingia. Vyama vyote viwili, UAW na UE, vilidai malipo sawa, na mwaka 1942 vilishirikiana kuipeleka General Motors mbele ya Bodi ya Kitaifa ya Kazi za Vita, chombo cha serikali kilichoamua migogoro ya kazi wakati wa vita, kuhusu suala hilo. Novemba mwaka huohuo bodi ilitoa agizo la kuruhusu waajiri kusawazisha malipo ya wanawake na wanaume wanaofanya kazi sawa. Lakini Milkman anaonyesha kuwa dai lile halikuwa na maana moja kwa vyama viwili. Wanaume wengi wa magari walilipigania kwa hofu: waliona kwamba mwanamke akiruhusiwa kufanya kazi ya mwanamume kwa ujira mdogo, vita vikiisha kazi hiyo haitarudi kwa bei ya zamani. Kulipa sawa kulikuwa njia ya kuilinda nafasi ya mwanamume mpaka arudi. Kwenye umeme hofu hiyo haikuwa na pa kushika, kwa sababu wanawake walikuwa pale tangu zamani katika kazi zao wenyewe, na wanaume wachache sana walifanya kazi ileile. Ukidai malipo sawa kwa kazi sawa mahali ambapo hakuna mwanamume anayeifanya kazi hiyo, umedai hewa.

Kwa hiyo UE kililazimika kufika mbali zaidi. Mwaka 1945 kilipeleka kesi mbele ya bodi hiyo dhidi ya makampuni ya vifaa vya umeme ya General Electric na Westinghouse kikitumia nyaraka za makampuni yenyewe. Makampuni hayo yalikuwa na mfumo wa kutathmini kazi kwa alama: ustadi kiasi gani, wajibu kiasi gani, uzito kiasi gani. Kazi ya kike iliyopata alama sawa na ya kiume ilikuwa inapangiwa ujira wa chini kwa sababu moja tu, kwamba ni ya kike. Chama kikasema: hatudai kwamba kazi hizi mbili ni zilezile, tunadai kwamba kwa kipimo chenu wenyewe zina thamani sawa. Bodi ilikubali kwamba hoja ina msingi, lakini vita vilikuwa vimekwisha, bodi yenyewe ilikuwa inafungwa, na hapakuwa na wa kuilazimisha kampuni. Suala likaingia kwenye madai ya mgomo wa 1946. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande cha utafiti wake chenye faida kubwa kwa mtu wa tawi, nami nitakirudia.

Na baada ya vita? Uchunguzi wa idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia wafanyakazi wanawake ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya wanawake waliofanya kazi wakati wa vita walitaka kuendelea. Hawakurudi jikoni kwa hiari yao, kama simulizi ya kawaida inavyodai. Kwenye magari waajiri walipoanza tena kuajiri hawakuwaita, hata wale waliokuwa na haki ya ukongwe kazini, yaani ya kutangulizwa kwa kuwa wamefanya kazi muda mrefu, kuliko wanaume waliokuwa wanaingizwa. Mkono wa kwanza, tena, ni wa mwajiri. Lakini matawi mengi ya UAW yalikuwa yamekubali orodha mbili za ukongwe, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na malalamiko ya wanawake walioachwa nje mara nyingi hayakupiganiwa kwa nguvu. Makao makuu ya chama yalikuwa na ofisi ya wanawake tangu 1944 na maazimio mazuri ya usawa. Kwenye matawi, mwenyekiti aliyechaguliwa na wanaume alijua kura zake zinatoka wapi. Hiyo ndiyo nusu ya maneno ambayo semina yenu haikuisikia: chama hakikujenga ubaguzi ule, lakini kiliwekwa kwenye mizani na kikaegemea upande uliokuwa na kura.

Baadaye, katika maandishi yake ya miaka ya 1980 na 1990, Milkman alilipanua swali kutoka viwanda hadi vyama vyenyewe. Alitumia wazo la mwanasosholojia Arthur Stinchcombe, la mwaka 1965, kwamba taasisi hubeba alama za wakati zilipozaliwa na kuendelea nazo hata mazingira yakibadilika. Vyama vya Marekani, akasema, vilizaliwa kwa mawimbi. Vya kwanza ni vya mafundi wa karne ya 19, waliokusanyika katika shirikisho la AFL mwaka 1886, ambao nguvu yao ilikuwa kuzuia watu kuingia kwenye ufundi wao. Hao waliwafungia wanawake mlango kwa sababu kufunga mlango ndiyo ilikuwa silaha yao kwa kila mtu. Vya pili ni vya washonaji nguo wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambao hawakuweza kuishi bila kuwaandikisha wanawake, kama mgomo mkubwa wa wasichana washonaji wa New York wa mwaka 1909 ulivyoonyesha, ingawa uongozi ulibaki kwa wanaume. Vya tatu ni vile vya CIO, vilivyoandikisha kiwanda kizima bila kuchagua na hivyo kuwa na lugha ya usawa tangu siku ya kwanza. Vya nne ni vya watumishi wa umma, walimu na wahudumu wa afya vilivyokua tangu miaka ya 1960, vikazaliwa wakati ambapo wanachama wengi tayari ni wanawake na madai ya usawa yako hewani.

Ukizitazama takwimu za Marekani kwa jicho hilo, zinaanza kusema. Mwaka 1983 wanachama wa vyama walikuwa asilimia 24.7 ya wanaume walioajiriwa na asilimia 14.6 ya wanawake. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 10.5 na 9.5. Pengo karibu limefutika, lakini si kwa sababu vyama vya viwandani viliwafungulia wanawake milango. Viwanda vya wanaume vilifungwa au vilihamishwa, vyama vyao vikanywea, huku hospitali na shule zikibaki. Ushindi mkubwa wa uandikishaji wa mwishoni mwa karne ya 20 ulipatikana Los Angeles mwaka 1999, ambapo wahudumu wapatao 74,000 wanaowatunza wazee na wagonjwa majumbani, wengi wao wanawake, walipiga kura kujiunga na SEIU, chama cha wafanyakazi wa huduma. Chama hicho kilipata rais mwanamke wa kwanza mwaka 2010. Shirikisho la AFL-CIO, lililotokana na kuungana kwa AFL na CIO, lilimpata wa kwanza mwaka 2021.

Wapo waliomkosoa Milkman kwamba anampa mwajiri uzito mkubwa mno na kuyapunguza maslahi ya wanaume wenyewe, wanaofaidi mshahara kiwandani na kazi ya bure ya wake zao nyumbani. Nadhani ukosoaji huo una ukweli, hasa kwa matawi, ambako maamuzi madogo hufanywa na watu wanaofahamiana na kuoneana haya.

Sasa huku kwetu. Sitachukua matokeo ya Detroit na kuyabandika Morogoro, lakini swali lake linasafiri vizuri. Uliza vyama vyetu vilizaliwa wapi. Vilizaliwa bandarini, kwenye reli na kwenye mkonge: migomo ya makuli ya Dar es Salaam ya 1939 na 1947, mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, kisha Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, mwaka 1955, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake. Mfanyakazi wa ukoloni alikuwa mwanamume aliyechukuliwa mbali na kwao, manamba kwenye mashamba ya mkonge au kibarua wa kutwa bandarini, aliyelipwa ujira wa kapera kwa madai kwamba mke na watoto wanajilisha kijijini. Migomo ilipoutikisa mpango huo, serikali za kikoloni zilianza kutaka mfanyakazi wa kudumu anayeishi mjini na familia yake. Nchini Kenya kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilipendekeza mshahara unaomtosha mtu mwenye familia. Vyama navyo vilidai hivyohivyo, na lilikuwa dai la haki. Lakini dola na chama, waliogombana kwa kila jambo jingine, walikubaliana bila kusema kwamba mfanyakazi ni baba na mkewe yuko nyumbani. Hesabu ya Ford ya 1914 haikuwa mbali na hapo.

Mfano ulio bora zaidi wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni wa kazi za majumbani, na tunao shukrani kwa mwanasosholojia mwingine, Janet Bujra, aliyechapisha mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu watumishi wa nyumbani Tanzania. Wakati wa ukoloni wapishi, madobi na maboi walikuwa hasa wanaume. Walikuwa na umoja wao, walijadili ujira, na mwaka 1956 wafanyakazi wa majumbani na hotelini waligoma Dar es Salaam. Ilikuwa kazi ya kiume yenye heshima yake, mpishi akijiita fundi. Baada ya uhuru kazi hiyo ilihamia polepole kwa wasichana kutoka vijijini, na ilivyohamia ndivyo ujira ulivyoshuka, mikataba ikatoweka, na anayeifanya akawa ndugu wa mbali anayesaidia kazi. Kupika ni kulekule na kufua ni kulekule. Aliyeanza kuifanya ndiye aliyebadilika, na ustadi ambao jana ulilipwa leo unaitwa tabia ya mwanamke. Sijui hoja ya Milkman ingeweza kupata ushahidi ulio safi kuliko huo.

Kazi ya kuwarudisha watumishi hao kwenye chama imefanywa na vyama vya wafanyakazi wa hotelini na majumbani, CHODAWU kwa Tanzania na KUDHEIHA kwa Kenya, na mkataba wa kimataifa namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, ulitokana kwa sehemu kubwa na kampeni ya vyama vya aina hiyo duniani. Angalia walichopaswa kubadili: huwezi kuitisha mkutano wa tawi getini wakati kila mwanachama ana geti lake, wala huwezi kutegemea makato ya mshahara kwa mtu asiye na hati ya mshahara. Walilazimika kuwafuata wanachama mitaani, kwa kupitia wenyeviti wa serikali za mitaa na siku za mapumziko. Chama kilichozaliwa bandarini hakikuwa na kanuni za kufanya hivyo.

Narudi kwenye tawi lako, Ndugu Katibu. Swali la kwanza ni la historia, nalo unaweza kuliuliza wazee wa kiwanda: mitambo iliposimikwa, nani alipelekwa kwenye mafunzo ya boila na nani aliitwa kama kibarua wa msimu kuchambua? Ukilijua hilo utajua pia kwa nini viongozi ni wanaume. Chunguza nani anastahili kugombea. Ikiwa wafungashaji wengi ni wa msimu, ukongwe wao unavunjika kila msimu unapoisha, fomu zao za TUF 6, za kumruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara, hazipelekwi kwa wakati na makato yao yanakatika, basi kwenye daftari la wanachama hai wao ni wachache hata kama macho yanakuonyesha wengi. Hizo ndizo orodha mbili za ukongwe za Detroit zikiwa zimevaa nguo nyingine. Chunguza pia saa za mkutano: tawi linalokutana baada ya zamu ya jioni limekwisha kuchagua wajumbe wake kabla ya kura.

Kamati ya wanawake ni jambo jema, lakini nimeona kamati nyingi ambazo kazi yake ya mwaka ni kupokea sare za Machi 8 na za Mei Mosi. Kamati isiyokuwa na mjumbe kwenye meza ya majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, haibadili chochote kwenye hati ya mshahara, na wanaume wa tawi wanalijua hilo, ndiyo maana huwa hawaipingi.

Mkataba huo ndio penye kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitaji likizo ya uzazi ya siku 84 peke yake, ingawa hiyo ndiyo inayosomwa zaidi kwenye semina. Inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, aliousajili kwa Kamishna wa Kazi, na achukue hatua za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa kati ya wanaume na wanawake. Ni kazi yenye thamani sawa, si kazi ileile tu. Msingi huo uko pia kwenye mkataba wa kimataifa namba 100 wa mwaka 1951, na ndio UE walioupigania mwaka 1945. Sheria hiyohiyo inampa wajibu mwajiri kutoa kwa chama kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yafanyike kwa maana.

Kwa hiyo kabla ya majadiliano yajayo andikeni barua, kwa jina la tawi na si la kamati ya wanawake, mkiomba vitu vitatu: mpango uliosajiliwa, jedwali la madaraja ya kazi na viwango vya mishahara, na vigezo vilivyotumika kuyapanga madaraja hayo. Kisha kaeni, wanawake wa kufungasha na wanaume wa boila pamoja, mpitie kigezo kimoja kimoja: kusimama saa nane kumepewa alama ngapi, kubeba mzigo ngapi, kasi ya mkono ngapi, wajibu wa kuzuia chakula kibovu kisimfikie mlaji ngapi. Kama kiwanda hakina tathmini ya namna hiyo, dai la kwanza liwe kwamba ifanywe, na wafungashaji wawe na wajumbe wao ndani ya timu itakayoifanya. Msingoje tathmini ikamilike ndipo muombe nafasi. Alama zikishapangwa, kuzibadili huchukua miaka mingi kuliko muda wa uongozi wa katibu yeyote.